WordNet mezani kwa Mswahili: mifupa imara, nyama utajaza mwenyewe

Neno paa lina kazi nne. Lipo paa la nyumba, yupo paa wa porini, ndege hupaa angani, na mpishi humpaa samaki magamba kabla ya kumtia kikaangoni. Kamusi ya kuchapishwa huzitenga maana hizo kwa tarakimu ndogo ubavuni mwa kidahizo (neno linalofafanuliwa), na msomaji akaendelea na shughuli zake. Kompyuta haitosheki na tarakimu. Inataka kuambiwa huyu ni aina ya nini, lile ni sehemu ya nini, na kitendo hiki kinahusianaje na kile. Kwa Kiingereza kazi hiyo imefanywa na WordNet, hifadhidata ya maneno na uhusiano wa maana zake, na kwa kuwa ni ya bure, wengi wanaoanza mradi wa lugha na kompyuta huifungua kabla ya kitu kingine. Hapa tunaipima kwa swali moja: inafaa kubebeshwa maana za Kiswahili, na ukiibebesha itakatika wapi?

Ilianzishwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, chini ya mwanasaikolojia George A. Miller, baadaye Christiane Fellbaum akawa nguzo yake. Wazo lilikuwa kuyapanga maneno kwa maana badala ya alfabeti. Kwa hiyo kipimo cha msingi si neno bali sinseti, yaani fungu la visawe vinavyobeba dhana moja. Gari na motokaa vingekaa sinseti moja. Paa zetu nne zingekaa sinseti nne. Toleo 3.0, lililotoka Desemba 2006, lina maneno 155,287 katika sinseti 117,659. Nomino ndizo zimetawala, sinseti 82,115. Vivumishi vina 18,156, vitenzi 13,767, vielezi 3,621. Vihusishi, viunganishi na viwakilishi havimo kabisa.

Kifurushi ni chepesi, kama megabaiti 10 kikiwa kimebanwa, na ndani yake ni maandishi matupu: data.noun, index.noun, index.sense, na wenzao wa vitenzi, vivumishi na vielezi. Mwenye intaneti ya bando anaipakua mara moja na kufanya kazi bila mtandao. Leseni inaruhusu hata matumizi ya biashara. Kwa bei hiyo hatuna la kulalamika.

Mstari mmoja kwa karibu

Huu ndio mstari wa kwanza wa data.noun baada ya mistari 29 ya leseni (hiyo huanza na nafasi tupu, kwa hiyo programu yako iiruke):

00001740 03 n 01 entity 0 003 ~ 00001930 n 0000 ~ 00002137 n 0000 ~ 04424418 n 0000 | that which is perceived or known or inferred to have its own distinct existence (living or nonliving)

Namba ya kwanza ni anwani: idadi ya baiti kutoka mwanzo wa faili hadi mstari unapoanzia. 03 ni namba ya faili ya waandishi wa kamusi. Faili hizo ziko 45, kuanzia 00 hadi 44. 05 ni wanyama, 06 vitu vilivyotengenezwa na binadamu, 13 vyakula, 18 watu, 20 mimea. Inafuata 01, idadi ya maneno katika sinseti, na hapa ndipo watu hujikwaa, maana namba hii imeandikwa kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) ilhali 003, idadi ya viungo, ni desimali ya kawaida. Asiyelijua hilo huandika programu inayosoma vizuri sinseti ndogo, kisha inavurugika ikifika kwenye sinseti ya maneno kumi, ambayo imeandikwa 0a. Kosa halionekani mapema kwa sababu sinseti kubwa hivyo ni chache.

Kila kiungo kina sehemu nne: alama, anwani ya upande wa pili, aina ya neno, na tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 0000, uhusiano ni wa dhana na dhana. Zikiwa na namba nyingine, mbili za kwanza zinataja neno la upande huu na mbili za mwisho neno la upande ule. Ndivyo kinyume (alama !) kinavyofungwa, neno kwa neno, kwani visawe viwili havigawani kinyume kimoja daima. Alama @ inakupandisha kwa dhana mama na ~ inakushusha kwa watoto wake. Alama %p inataja sehemu za kitu, %s malighafi yake na %m wanakundi wake. Badala ya % ukiona #, unatazama kutoka upande wa sehemu kwenda kwa kitu kizima.

Mtindo huu wa anwani za baiti ni wa haraka sana kusomwa na ni dhaifu sana kuhaririwa. Ukiongeza herufi moja katikati ya faili, kila anwani iliyo chini yake inakuwa ya uongo. Hata bila kuhariri unaweza kuiharibu: programu ya Windows ikibadilisha miisho ya mistari kutoka baiti moja kuwa mbili, anwani zote zinateleza, kila mstari zaidi ya uliotangulia. Fungua faili kwa hali ya baiti na uzuie Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) isiguse miisho ya mistari. Zaidi ya hayo, usihifadhi anwani hizi kwenye hifadhidata yako kama utambulisho wa kudumu. Mbwa yuko 02084071 katika 3.0, katika 3.1 amehamia 02086723. Hifadhi ufunguo wa maana, kwa mfano dog%1:05:00::, ambao hauhamihami hivyo.

Uhusiano: ulipo utamu, na palipo na mashimo

Huyo mbwa ana dhana mama mbili. Moja ni jamii ya wanyama wa mbwa na mbweha, ya pili ni mnyama wa kufugwa. Njia ya kwanza inapita kwa mla nyama, mamalia, mwenye uti wa mgongo hadi mnyama. Ya pili, kutoka mnyama wa kufugwa, inafika kwa mnyama kwa hatua moja. Basi huu si mti hasa, ni mtandao, na programu inayodhani kila dhana ina mama mmoja itatupa nusu ya habari. Upande wa sehemu kuna kichekesho: sehemu pekee iliyoandikwa kwa mbwa ni «flag», jina la mkia wake. Miguu hana, masikio hana. Sehemu nyingi za mwili zimepachikwa ngazi za juu, kwa hiyo ukitaka orodha ya maana lazima upande kwa mama zake wote ukikusanya njiani.

Majina ya mahali na watu yana kiungo chao, @i, yaani mfano halisi wa aina fulani. Ukiuliza dhana mama za Nairobi kwa njia ya kawaida unapata orodha tupu na kudhani jiji halimo. Limo, na fasili yake inalitaja kama kitovu cha safari za watalii (mkazi wa mtaa wa Kariobangi ana lake la kusema hapo). Kwenye NLTK, maktaba ya Python ya kuchakata lugha, unapaswa kutumia instance_hypernyms(). Tofauti hii iliingia na toleo 2.1, na ni moja ya marekebisho bora kuliko yote: kabla yake jiji moja mahususi lilihesabiwa kama «aina» ya jiji, sawa na pundamilia alivyo aina ya mnyama.

Mpangilio wa maana usiuamini kibubusa. Maana ya kwanza inadhaniwa kuwa ya kawaida zaidi, lakini hesabu zimetoka kwenye matini zilizowekewa alama za maana kwa mkono, nyingi zikiwa za mkusanyiko wa Brown, maandiko ya Kimarekani ya mwaka 1961. Tazama neno la Kiingereza la panya mdogo, mouse. Maana ya kwanza ni mnyama, ya pili ni jicho lililovimba kwa kipigo, ya tatu mtu mwoga, na kipanya cha kompyuta kinakuja cha nne. Programu inayochukua maana ya kwanza daima, na ziko nyingi, itaona panya kwenye kila tangazo la duka la kompyuta.

Shimo kubwa zaidi watafiti wanaliita tatizo la tenisi: raketi, mpira na uwanja vimetawanyika matawi ya mbali ingawa kila mtu anavijua kuwa vya mchezo mmoja. Lifikirie kwa jahazi. Tanga na mlingoti vitakaa faili 06, nahodha faili 18, upepo wa kusi kwingine kabisa. Hakuna kinachoiambia kompyuta kuwa wote hao hukutana kwenye bahari ileile. Viungo vya nyanja, vinavyoanza na nukta-mkato, vimewekwa kuziba pengo hilo, lakini ni vichache na havifuati utaratibu. Ukihitaji kujua maneno yanayoandamana, tumia takwimu za matini. WordNet haikujengwa kwa hilo.

Vitenzi vina uhusiano mzuri wa kulazimu, alama *: anayekoroma lazima awe amelala. Upo pia wa kusababisha, alama >. Lakini matawi yao ni mafupi na vilele ni vingi. Vivumishi havina dhana mama kabisa; vimepangwa kwa jozi za vinyume, kila upande ukizungukwa na vivumishi vinavyofanana. Kiswahili chenye vivumishi asilia vichache, na kinachosema «-enye nguvu» au «-a kisasa», hakikai sawa katika umbo hilo. Sehemu ya vivumishi iache mwisho, au iache kabisa.

Kuhusu vipimo vya ukaribu: mbwa na paka hupata 0.2 kwa kipimo cha njia (kinachohesabu hatua kati ya dhana mbili) na takriban 0.857 kwa kipimo cha Wu na Palmer (kinachotazama kina cha dhana mama wanayoshiriki). Namba hizo mbili hazilinganishwi. Wanasayansi wa wanyama wamejaza ngazi nyingi, samani zina chache, hivyo hatua moja katika tawi la wanyama si sawa na hatua moja katika tawi la viti. Kwa vivumishi namba itatoka, ila haina maana yoyote.

NLTK au maktaba ya wn?

Wengi huingia kupitia NLTK. Inatosha kwa darasa: nltk.download('wordnet'), kisha wn.synsets('dog') (wn hapa ni jina fupi la wordnet ndani ya NLTK, si maktaba ya wn) inakurudishia sinseti nane, saba za nomino na moja ya kitenzi. Usishtuke kuona mojawapo inaitwa frank.n.02, jina hutokana na neno la kwanza la sinseti, na hiyo ni soseji. Kwenye seva yenye nyuzi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba), NLTK huvunjika kwa ujumbe usioeleweka wenye LazyCorpusLoader ndani yake, kwa sababu data hupakiwa pale tu inapoitwa na nyuzi mbili zikagongana. Dawa ni kuita wn.ensure_loaded() kabla ya kuanzisha nyuzi. Na ukijaribu wn.synsets('mbwa', lang='swa') utapata kosa: lugha haitambuliwi. Kifurushi cha lugha nyingi kinachoandamana na NLTK kina Kifini, Kithai, Kiindonesia na nyingine, Kiswahili hakimo.

Kwa anayejenga, chaguo letu ni maktaba ya wn pamoja na Open English WordNet. Princeton imeacha kupokea masahihisho. Open English WordNet inayapokea hadharani na kutoa toleo jipya. Unaandika pip install wn, halafu python -m wn download oewn:2024. Data inaingia kwenye hifadhidata ya SQLite ndani ya folda .wn_data. Faida kubwa ni kuwa unaweza kupakia kamusi yako mwenyewe kwa wn.add(), ikiwa imeandikwa kwa XML ya WN-LMF, muundo wa pamoja wa kubadilishana kamusi za aina hii, nayo ikaungana na lugha nyingine kupitia namba za pamoja za dhana, ILI. Kasoro: wn haikati viambishi vya maneno yenyewe hadi uipe kifaa cha kufanya hivyo, na kilichopo ni cha Kiingereza.

BabelNet, mtandao wa maana wa lugha nyingi, ina Kiswahili, ila kimekusanywa na mashine kutoka Wikipedia na vyanzo vingine, na leseni yake haikubali biashara. Ichungulie, usiijengee nyumba.

Kupachika Kiswahili bila kukivunja

Njia ni mbili tangu enzi za EuroWordNet, mradi wa kujenga WordNet za lugha za Ulaya, mwaka 1996 hadi 1999. Ya kupanua: unachukua sinseti za Kiingereza na kujaza maneno yako. Ya kuunganisha: unajenga mtandao wako kwanza, kisha unaufunga kwa mwingine. Mradi wa isiZulu, isiXhosa, Setswana, Sesotho sa Leboa na Tshivenda kule Afrika Kusini ulianza kwa kupanua, na kwa bajeti ndogo ndiyo njia inayowezekana. Ipo orodha ya maana za msingi zipatazo 5,000 za kuanzia. Hatari yake ni kukifanya Kiswahili kivae nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Mfano ni rice. Maana ya kwanza ni punje za chakula, ya pili ni mmea (ya tatu ni Tim Rice, mtunzi wa mashairi ya nyimbo, usije ukamtafsiri). Mvivu ataweka mchele na wali pamoja kwenye maana ya kwanza. Kwa kufanya hivyo ametangaza kuwa ni visawe, na programu ya tafsiri itamtuma mtu sokoni akanunue kilo mbili za wali. Sahihi ni kuiacha sinseti ya Kiingereza bila neno la Kiswahili, ukiiandikia lexicalized="false", halafu kuzaa watoto wawili chini yake, mchele na wali. Mpunga unakwenda kwenye mmea, na unahitaji sinseti ya pili kwa punje zisizokobolewa.

Uncle ni vilevile: mjomba ni kaka wa mama, na upande wa baba yupo baba mkubwa, baba mdogo, au ami. Lakini usimalizie kwenye nomino. Kitenzi borrow kinavunjika pia. Ukiazima sufuria ya jirani unarudisha sufuria ileile. Ukikopa sukari unarudisha sukari nyingine. Dhana mbili, mama mmoja asiye na neno.

Vitenzi vyetu vinakupa zawadi ambayo Kiingereza hakina. Uhusiano wa kusababisha umeandikwa mwilini mwa neno: ruka na rusha, pona na ponya, kumbuka na kumbusha. Unaweza kuandika programu ikapendekeza jozi hizo, mtu akathibitisha. Lazima athibitishe, kwani kopa na kopesha si kusababisha tu, ni pande mbili za mkopo mmoja. Kauli ya kutendwa usiipe kidahizo. Pigwa haina dhana yake. Na piga yenyewe usiirundikie maana thelathini. Piga pasi, piga deki, piga mswaki na piga simu ziingie kama maneno kamili, kila moja na sinseti yake. Uking'ang'ania kuzieleza zote chini ya kidahizo kimoja, mashine itaona pasi inapigwa makofi.

Ngeli na wingi vina mahali pake:

<LexicalEntry id="swa-dafu-n">
  <Lemma writtenForm="dafu" partOfSpeech="n"><Tag category="ngeli">LI-YA</Tag></Lemma>
  <Form writtenForm="madafu"/>
  <Sense id="swa-dafu-n-1" synset="swa-0412-n"/>
</LexicalEntry>

Kwa kuwa wingi umeandikwa kama Form, atakayetafuta madafu ataipata dafu bila kifaa cha kukata viambishi. Kwa nomino hilo linatosha. Kwa vitenzi halitoshi, maana huwezi kuorodhesha kila anayepika, tulipika na hawatapika. Utahitaji kichanganuzi cha mofolojia (programu ya kutenganisha viambishi na mzizi) mbele ya kamusi.

Dafu lenyewe ndilo mtihani. WordNet inatenganisha tunda la mnazi, mnofu wake na mti. Mswahili wa pwani ana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kila hatua ya ukomavu na jina lake. Ukiziweka zote chini ya nazi umesema dafu ni aina ya nazi, jambo ambalo muuza madafu hatakubali. Afadhali tunda kwa ujumla libaki sinseti isiyo na neno, na hatua zote tano ziwe watoto wake. Kwa wanaoita tunda zima nazi, neno hilo liingie sinseti mbili. Sinseti mpya isiyo na mwenzake wa Kiingereza iandikie ili="in" na fasili ya Kiingereza ndani ya ILIDefinition, ndipo iweze kupendekezwa kwenye orodha ya pamoja. Na koroma ya tunda iwe na kitambulisho tofauti na koroma ya usingizini, la sivyo tunda litalazimika kulala.

Kabla ya kupakia, pitisha faili kwa python -m wn validate. Kitambulisho kilichorudiwa ni kosa la kurekebisha hapohapo. Onyo litakalojaa skrini ni la uhusiano wa upande mmoja: umeandika kuwa dafu ni aina ya tunda la mnazi, ukasahau kuandika kuwa tunda la mnazi lina aina iitwayo dafu.